Nusu ya Nusu

Saa mbili kasorobo usiku, Jumanne,
simu kutoka Idrija: shangazi Zofka.
Hasalimu. "Kimekufa," anasema.
Nini? "Hiki cha kufungulia dunia."

Mimi kazi yangu ni kusafisha meno ya watu, Ljubljana.
Ila mwaka ule wa theluji nyingi nilimponyea printa
(nilichomoa waya, nikauchomeka tena)
na tangu hapo ukoo mzima unaniita fundi.

"Kilikuja kijibarua pembeni mwa skrini,
kikasema kuna sasisho, nibofye nikubali.
Kilikuwa na adabu. Nikakubali.
Sasa kila ukurasa unafunguka mweupe pe,
halafu unacheka."
Unacheka?
"Unatikisika. Mimi naita kucheka."

Kizime, ukiwashe. Amekwisha.
Izime kompyuta yenyewe. Amekwisha, mara tatu,
ya tatu kwa kung'oa waya ukutani.
Basi futa kache. "Kache ndiyo nini?"
Ghala la mabaki: ulivyoviona jana
kinavitunza ili kesho kisihangaike.
"Kama mimi na mifuko ya plastiki."
Kama wewe na mifuko ya plastiki.
Akafuta. Nilisikia kibodi ikipigwa
kama mtu anayeua mende.
Weupe ukabaki weupe.

Nikamwambia afungue hali salama,
pale kivinjari kinapovuliwa mapambo yote
kikabaki na ngozi yake.
Kimya. Saa ya ukutani kwake, tik, tik.
"Ohoo. Maandishi haya hapa.
Hata Vesna na lile jibwa lake."

Basi mkosaji, shangazi, ni kimojawapo
cha vile vidude ulivyokitundikia. Viendelezi. Unavyo vingapi?
"Cha kuzuia matangazo. Kamusi. Cha hali ya hewa.
Cha kuponi, ambacho hakijanipa kuponi hata moja…"
Akahesabu kwa sauti: kumi na sita.

Nikashika kichwa. Vizime vyote, nikasema,
kisha washa kimoja, jaribu, kingine, jaribu…
"We Neža!" akanikata,
na sauti ikawa ile ya kazini,
ya mto wa kimia mapajani, vijiti vikigongana.
"Nikigundua kosa safu ya mia,
unadhani nafumua uzi kwa uzi mpaka Pasaka?
Natazama ya hamsini. Ikiwa nzima, kosa liko mbele.
Ikiwa mbovu, liko nyuma. Kisha nusu ya hiyo nusu.
Nazima vinane."

Vinane: weupe.
Vinne: maandishi.
Viwili: weupe tena, na kicheko chake.
Kimoja.
Chai yangu ilikuwa bado inafuka.

Kinaitwaje?
"Hakina jina. Kimeandikwa tu *cha Z*.
Ni kile alichonitengenezea Ciril,
cha kugeuza kurasa ziwe rangi ya siagi
nisiungue macho usiku."
Ciril, aliyepima mashimo ya zebaki
mpaka mgodi ukafungwa,
kisha akiwa na miaka sabini akaazima kitabu maktaba
akaandika mistari arobaini na mmoja. Basi.
Hakuandika mwingine, wala hakuchelewa kufa.

Nikaeleza, kwa upole wa mtu anayekaribia jino bovu:
kivinjari kipya hakiijui tena lugha ya kile kidude.
Kifute. Vya rangi viko tele, vya bure.
"Nimekizima," alisema. "Kufuta sijasikia."
Akakata simu. Wala kuaga.

Jumamosi nilipanda basi la Idrija.
Nikaifungua ile mistari, nisielewe hata mmoja,
isipokuwa maneno aliyojiachia mwenyewe katikati:
*hapa sijui kwa nini inafanya kazi. usiguse.*
Sikugusa.

Usiku nilipotoka chooni
nilimkuta sebuleni, taa imezimwa,
skrini inawaka nyeupe kama jokofu lililoachwa wazi,
naye kavaa miwani ya jua,
anasoma bei za uzi,
anacheka.